KUFUFUKA NA KUREJEA KWA YESU: MAJIRANI ZETU WAKRISTO WANAELEWA VIPI?

(Mazungumzo na vijana na wazazi baada ya futari)

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake, maswahaba zake na wote waliofuata nyayo zao kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama ba'ad.



Pengine utajiuliza, kwa nini mwezi mtukufu wa Ramadhan tuzungumzie itikadi za Wakristo? Si tungezungumza fadhila za kufunga au adabu za itikafu? Swali zuri. Sababu ninazo tatu.

Kwanza, sisi Kenya tunaishi pamoja nao. Tunasoma nao darasa moja, tunapanda nao matatu moja, na wengi wetu, khasa kwa Wamijikenda, Waluhya, Wakamba na wengineo, tuna mashangazi, mabinamu na hata mababu ambao ni Wakristo. Wakifiwa tunakwenda matangani, na pale matangani neno utakalolisikia kuliko yote ni ufufuo.

Pili, vijana wetu wanapenda midahalo. Na ugonjwa mkubwa wa midahalo ni kumbebesha mtu maneno ambayo si yake. Kijana anachukua itikadi ya Wasabato, anakwenda kumgombeza nayo Mkatoliki. Mkatoliki anamshangaa tu, manake hata yeye haiamini! Huo si uadilifu, na Qur'ani katika Suratul Maida imetuamrisha tuwe waadilifu hata kwa watu ambao tuna chuki nao, sikwambii jirani mwema.

Tatu, na hili ndilo zito, mafundisho ya mwisho wa dunia yakishikwa vibaya yanaua watu. Yameua Uganda, yameua hapa hapa Pwani yetu, na tusijidanganye, yameua hata kwa jina la Uislamu. Tutafika huko.

Basi tega sikio, tuanze mwanzo.

1. MAMBO AMBAYO KARIBU WOTE WANAKUBALIANA

Makanisa ni mengi, lakini yako mambo matatu ambayo karibu yote yanakubaliana. La kwanza, kwamba Yesu alikufa msalabani na akafufuka siku ya tatu. La pili, kwamba wafu wote watafufuliwa. La tatu, kwamba Yesu atarudi kuhukumu walio hai na waliokufa.

Mambo haya yamo katika kanuni ya imani iliyotungwa kwenye baraza la maaskofu la Nikea mwaka 325, mji uliopo Uturuki ya leo, na ikakamilishwa Konstantinopoli, yaani Istanbul, mwaka 381. Mpaka leo ukipita karibu na kanisa la Katoliki au la Anglikana siku ya Jumapili utawasikia wakiisoma kwa pamoja. Wakatoliki husema "ufufuko", wengine husema "ufufuo". Maana ni ile ile.

Sasa zingatia jambo moja ambalo Waislamu wengi hawalijui, na hata Wakristo wengine wamelisahau. Mafundisho ya asili ya Ukristo hayasemi kwamba mtu akifa roho inakwenda mbinguni na hadithi ikaishia hapo. Yanasema mwili utafufuliwa. Msomi wa Kiingereza anayeitwa N. T. Wright, aliyekuwa askofu wa Anglikana, aliandika kitabu kikubwa mwaka 2003 kulieleza hilo. Anasema Wakristo wa mwanzo walipotaja ufufuo walikusudia mwili kuinuka, si roho kuelea hewani.

Paulo, katika barua yake ya kwanza kwa Wakorintho, mlango wa 15, anapiga mfano wa mbegu. Unazika punje, inaoza, kisha kinaota kitu kilichotokana na punje ile lakini si punje tena. Ndivyo anavyouona mwili utakaofufuliwa: ni wewe yule yule, lakini mwili usiooza. Nasi katika Qur'ani tumepigiwa mfano unaokaribia huo, wa ardhi kavu iliyokufa ikinyeshewa mvua inatikisika na kuchipua (Suratul Hajj na Suratu Fussilat). Kumbe hapa tuko karibu kuliko tunavyodhani.

2. KUFUFUKA KWA YESU MWENYEWE

Hapa ndipo njia zetu zinapoachana, na hatuna haja ya kuficha. Sisi tunaamini, kwa mujibu wa Suratun Nisaa aya ya 157 na 158, kwamba Nabii Isa (A.S.) hakuuawa wala hakusulubiwa, bali Mwenyezi Mungu alimnyanyua kwake. Kama hakufa msalabani, basi hakuna kufufuka siku ya tatu. Hilo kwetu liko wazi.

Lakini kwa Mkristo, jambo hili ndilo nguzo ya nyumba. Paulo mwenyewe anasema katika mlango ule ule wa 15 kwamba kama Kristo hakufufuka, basi imani yao ni bure. Kwa hiyo ukimgusa Mkristo hapa, umemgusa penyewe. Zungumza naye, lakini kwa upole.

Wanavithibitishaje? Mara nyingi husema hivi: kaburi lilikutwa tupu, walioshuhudia mwanzo ni wanawake, na zama zile mtu anayetunga uongo asingechagua wanawake wawe mashahidi wake, na Paulo aliandika barua yake kama miaka ishirini na kidogo tu baada ya tukio, akataja watu zaidi ya 500 waliomwona Yesu, wengi wao wakiwa bado hai.

Vijana wetu wa mihadhara nao hujibu: mbona Injili nne zinatofautiana kuhusu nani alikwenda kaburini na alikuta nini? Na mbona mwisho wa Injili ya Marko, mlango wa 16 kuanzia aya ya 9, haumo katika nakala mbili za kale zinazotegemewa sana, ile ya Sinai na ile ya Vatikani?

Hoja hiyo ya Marko ni ya kweli, na Biblia nyingi za kisasa zimeiandika kwenye tanbihi. Hawajaificha. Lakini ujue na majibu yao kabla hujasimama. Wanasema tofauti za mashahidi ni dalili kwamba hawakula njama. Na kuhusu Marko wanasema kwamba hata ukiikata ile sehemu, habari ya kaburi tupu imebaki katika aya nane za mwanzo. Huwezi kukubali? Sawa, usikubali. Lakini usiseme hawana jibu.

Tena wako wanazuoni wa Kikristo wenyewe, khasa Ulaya katika karne ya 20, waliosema kufufuka kwa Yesu kusieleweke kama tukio la mwili. Mjerumani Rudolf Bultmann alijulikana sana kwa rai kama hizo, na mhadhara wake wa mwaka 1941 ulizua mtafaruku mkubwa. Alisema la maana ni imani iliyofufuka ndani ya wanafunzi. Lakini tahadhari: ukimnukulia maneno hayo muumini wa Kipentekoste wa Mtwapa au Likoni, atakwambia huyo Bultmann wako simjui. Na ana haki.

3. MTU AKIFA, ANANGOJA WAPI?

Sisi tunaamini barzakh. Wao je? Hapa utakuta tofauti kubwa.

Wakatoliki wanaamini roho inahukumiwa pale pale mtu anapokufa. Aliyesafika anaingia mbinguni, mwenye dhambi ya mauti asiyetubu anakwenda motoni, na aliyekufa katika neema lakini ana mabaki ya kusafishwa anapitia toharani. Neno lenyewe utalielewa, ni katika tohara. Ndio maana wanawaombea maiti wao, na tarehe 2 Novemba kila mwaka ni siku ya marehemu wote.

Waprotestanti, kama Waanglikana, Wapresbiteri na Wapentekoste, kwa jumla hawaikubali toharani. Wanasema haimo katika Biblia wanayoitegemea. Kwao, roho ya muumini inakwenda kwa Kristo ikingoja ufufuo wa mwili.

Wasabato, ambao wamekita mizizi kwetu Kenya tangu walipofika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, wanasema la, hakuna roho inayokwenda popote. Mtu akifa amelala usingizi, hajui lolote, mpaka parapanda itakapolia. Mashahidi wa Yehova wanakaribiana nao katika hilo.

Angalia sasa jinsi nukta moja inavyoweza kugawa watu. Katika Injili ya Luka, mlango wa 23 aya ya 43, Yesu anamwahidi mnyang'anyi aliyesulubiwa pamoja naye kwamba atakuwa naye peponi. Katika jumla ile kuna neno "leo". Je, "leo" inafungamana na kuahidi, yaani nakwambia leo? Au inafungamana na kuingia peponi, yaani leo utaingia? Makanisa mengi yanasema ni kuingia peponi leo hii, kwa hiyo roho haifi. Wasabato wanasema ni kuahidi leo, kuingia ni baadaye. Na nakala za kale za Kiyunani hazikuwa na alama za mkato kama tunavyoziandika siku hizi! Ukiweka mkato kabla ya neno una itikadi moja, ukiweka baada yake una itikadi nyingine.

Kwa hiyo ukiwa matangani ukasikia mmoja anasema marehemu yuko na Bwana sasa hivi, na mwingine anasema marehemu amelala akingoja asubuhi ile, usidhani wanajipinga kwa kutojua. Wanasoma Kitabu kimoja kwa macho mawili.

4. ATARUDI VIPI, NA MIAKA ELFU NI IPI?

Kwamba Yesu atarudi, wanategemea sehemu nyingi. Matendo ya Mitume mlango wa 1 inasema atarudi kama walivyomwona akienda. Wathesalonike wa kwanza mlango wa 4 inasema atashuka, waliokufa katika Kristo watafufuka kwanza, kisha walio hai watanyakuliwa mawinguni kumlaki. Na Ufunuo mlango wa 20 unataja utawala wa miaka elfu moja.

Ni mlango huo mmoja tu unaoitaja hiyo miaka elfu kwa uwazi, na humo ndimo mabishano yalimojaa. Wafasiri wamegawanyika makundi manne makubwa.

Kundi la kwanza wanasema miaka elfu ni mfano tu, si hesabu. Ni zama hizi hizi za kanisa, tangu kuondoka kwa Yesu mpaka kurudi kwake. Rai hii ilipewa nguvu na Augustino, aliyezaliwa mwaka 354 katika nchi ambayo leo ni Algeria. Wakatoliki, Waorthodoksi, Walutheri na Waanglikana wengi wako hapa. Kwao ni kurudi mara moja, ufufuo mmoja wa wote, hukumu moja, basi.

Kundi la pili wanasema dunia itatengenea kwanza, Injili itaenea, kutakuwa na zama ndefu za amani, ndipo Yesu arudi. Mhubiri wa Marekani Jonathan Edwards, wa karne ya 18, alikuwa wa rai hii. Vita viwili vikuu vya dunia viliwavunja moyo wengi wao.

Kundi la tatu wanasema Yesu atarudi kwanza, kisha atatawala hapa duniani miaka elfu. Hii ni rai ya zamani sana. Justino na Ireneo wa karne ya pili walikuwa nayo.

Kundi la nne ndilo unalolisikia zaidi kwenye vipaza sauti na redio za leo. Hawa wanasema kutakuwa na unyakuo. Yaani waumini watachukuliwa ghafla, abiria atoweke ndani ya basi, dereva aache usukani. Kisha dunia itapitia dhiki kuu ya miaka saba chini ya Mpinga Kristo, ndipo Yesu arudi waziwazi. Fundisho hili lilipangwa hivyo katika miaka ya 1830 na John Nelson Darby, mhubiri wa Kiingereza aliyekuwa Ireland. Likaenezwa na Biblia yenye maelezo ya Scofield, iliyochapishwa mwaka 1909, na baadaye riwaya na filamu za Marekani zikalifikisha mpaka vijijini kwetu. Wengi wanalidhani ni la tangu mitume, kumbe kwa mpangilio huo halijafikisha miaka mia mbili.

Wakristo wengine wanawajibu wenye rai ya unyakuo kwa neno moja la Kiyunani lililotumika kwa "kumlaki". Wanasema neno hilo lilitumika watu wanapotoka mjini kwenda kumpokea mgeni mkubwa njiani, kisha wakarudi naye mjini. Katika Matendo mlango wa 28 limetumika kwa ndugu waliotoka Roma kumpokea Paulo. Ni kama sisi tunavyokwenda uwanja wa ndege kuwalaki mahujaji. Hatuendi ili tupande nao ndege tuondoke, tunawapokea tukarudi nao nyumbani. Kwa hiyo, wanasema, walio hai watamlaki ashuke nao, si kwamba watatoroshwa duniani.

Wasabato nao wana mpangilio wao: Yesu akirudi atawachukua wema mbinguni kwa miaka elfu, na dunia itabaki tupu, Shetani amefungwa humo. Baada ya hapo waovu watafufuliwa, wahukumiwe na kuteketezwa wasiwepo tena. Hawaamini moto wa milele. Mashahidi wa Yehova wanasema watu 144,000 watatawala mbinguni na wema waliobaki wataishi milele katika pepo ya hapa hapa ardhini.

Na mwisho wako wanaosema mengi ya Mathayo mlango wa 24 yalikwisha kutokea mwaka 70, Warumi walipouangamiza mji wa Yerusalemu na kulibomoa hekalu.

Umeona mambo hayo? Sasa mtu akikuuliza, "Wakristo wanasemaje kuhusu kurudi kwa Yesu?" jibu la kwanza ni: "Mkristo yupi?"

5. WALIOTAJA TAREHE

Mathayo mlango wa 24 aya ya 36 inasema siku ile na saa ile haijui yeyote, si malaika wala Mwana, ila Baba peke yake. Aya iko wazi, wala haihitaji mfasiri. Lakini binadamu!

Mkulima mmoja wa Marekani, William Miller, alichukua siku 2,300 zilizotajwa katika Danieli mlango wa 8, akafanya kila siku ni mwaka mmoja, akahesabu. Wafuasi wake wakaishia kwenye tarehe 22 Oktoba 1844. Maelfu walingoja. Wako walioacha mazao yao shambani bila kuvuna. Usiku ukapita, asubuhi ikafika, jua likachomoza kama kawaida. Wapo walioacha imani, na wapo waliosema tarehe ilikuwa sahihi lakini tukio lilikuwa mbinguni, si duniani. Katika hao wa mwisho ndimo lilimotoka kanisa la Wasabato, lililoundwa rasmi mwaka 1863, na tangu hapo kanisa hilo linakataza kutaja tarehe.

Wafuasi wa Charles Taze Russell waliutazamia mwaka 1914. Leo Mashahidi wa Yehova wanafundisha kwamba mwaka huo Yesu alianza kutawala mbinguni bila kuonekana. Naye Harold Camping, mhubiri wa redio huko California, alitangaza tarehe 21 Mei 2011, ikapita. Akasema ni 21 Oktoba, nayo ikapita. Mwaka 2012 alikiri hadharani kwamba alikosea.

Hao wa kungoja mpaka asubuhi ni afadhali. Kule Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda, kundi moja lilikuwa limewaambia wafuasi wake kwamba dunia itakwisha pamoja na mwaka 1999. Mwaka ukaisha, dunia ikabaki. Tarehe 17 Machi 2000 mamia ya watu, watoto wakiwemo, waliteketea ndani ya jengo lao la ibada, na baadaye maiti nyingi nyingine zikafukuliwa katika mashimo.

Na hapa kwetu, Kaunti ya Kilifi, msitu wa Shakahola. Tangu Aprili 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400. Serikali ilishtaki mhubiri na wenzake, ikidai kwamba watu waliambiwa wafunge kula mpaka wafe ili wakutane na Yesu. Washtakiwa walikana, na kuhukumu ni kazi ya mahakama. Lakini makaburi yale yalikuwepo, na mengi yalikuwa ya watoto wadogo.

Ndugu yangu, wewe uliyefunga leo, fikiri. Sisi tunafunga kwa radhi za Allah, lakini sheria yetu imemwekea mfungaji daku na futari, imemruhusu mgonjwa, msafiri, mama mjamzito na anayenyonyesha kula, na imekataza kuunganisha saumu usiku na mchana. Saumu ni ya kuihuisha nafsi. Anayemwambia mtoto asinywe maji mpaka afe hakumfundisha saumu, si katika Uislamu wala katika Ukristo. Na maaskofu na wachungaji wa makanisa mbalimbali walilaani jambo lile. Kwa hiyo haramu kumtupia jirani yako Mkristo Shakahola usoni, kama ambavyo wewe hutaki kutupiwa mambo ya magaidi.

Tena tujitazame. Tarehe 20 Novemba 1979, siku ya kwanza ya mwaka 1400 Hijria, watu wenye silaha wakiongozwa na Juhayman al-Utaybi waliuteka Msikiti Mtukufu wa Makka. Walidai mmoja wao ndiye Mahdi. Damu ilimwagika ndani ya Haram kwa muda wa wiki mbili. Huyo waliyemwita Mahdi aliuawa, na Kiyama hakikusimama. Basi maradhi haya hayana dini. Yanampata yeyote anayejipa elimu ambayo Mola amejiwekea Mwenyewe.

6. TUNAPOKUTANA NA TUNAPOTOFAUTIANA

Tunakutana kwamba kuna Siku ya Mwisho, kuna kufufuliwa kwa miili, kuna hesabu, na kwamba Isa mwana wa Maryamu atarudi. Suratuz Zukhruf aya ya 61 imefasiriwa na wafasiri wengi kwamba kushuka kwake ni alama ya Kiyama, na hadithi sahihi za Bukhari na Muslim zimeeleza kwamba atashuka akiwa hakimu mwadilifu, na kwamba atamuua Masihi Dajjal. Wao wanamtaja Mpinga Kristo.

Tunatofautiana katika nini? Kwao Yesu anarudi kama Bwana na hakimu wa watu wote. Kwetu anarudi akiwa mja na Mtume wa Allah, akifuata sheria ya Muhammad (S.A.W.), kisha atakufa kama wanavyokufa binadamu, na mwenye kuhukumu Siku ile ni Allah peke Yake. Tofauti hiyo si ndogo, wala tusiipake rangi. Lakini pia usiitumie kama rungu.

Na kuhusu saa yenyewe, tumekubaliana moja kwa moja. Suratul A'raf aya ya 187 imesema elimu yake iko kwa Mola tu. Jibril (A.S.) alipomuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu Kiyama, alijibiwa kwamba muulizwa hajui zaidi ya muulizaji. Ikiwa Mtume hakutaja tarehe, huyu wa kwenye simu yako anayekutumia ujumbe ati alama zote zimetimia, dunia inaisha mwaka fulani, yeye kapata wapi?

7. BASI TUFANYE NINI?

Wewe kijana wa mihadhara: muulize mwenzako kwanza anaamini nini, kabla ya kumjibu. Msikilize mpaka amalize. Suratul Ankabut aya ya 46 imetuamrisha tujadiliane na Watu wa Kitabu kwa njia iliyo bora. Hukuamrishwa kushinda kelele.

Wewe unayekwenda mazishini kwa ndugu Mkristo: hapo si uwanja wa mdahalo. Huombi maombi yao, lakini unakaa kwa heshima, unatoa pole, unawaombea subira, unachangia unachoweza. Mtume (S.A.W.) aliposimamia jeneza lililopita, akaambiwa ni la Myahudi, aliuliza kama hiyo nayo si nafsi. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim.

Wewe mzazi: jua mtoto wako anasikiliza nani, msikitini, mtaani na kwenye simu. Mtu yeyote, awe ustadhi au mchungaji, anayemwambia kijana aache shule, auze mali ampe yeye, akate jamaa zake, asitibiwe, kwa kuwa mwisho umefika, huyo mkimbie, kisha upeleke habari kwa wazee na kwa serikali. Mwaka 2019 wako watu waliokataa kujiandikisha Huduma Namba wakidhani ni chapa ya mnyama wa Ufunuo. Tuliwacheka. Lakini je, hakuna kwetu walioikimbiza chanjo ya polio kwa uvumi? Mtoto wa Muislamu akipooza, anapooza kama mtoto mwingine.

Na wewe unayeogopa. Najua wako vijana, na watoto wadogo pia, wasiolala usiku kwa mambo haya ya Dajjal na mwisho wa dunia waliyoyaona kwenye simu. Sikiliza. Bedui alimuuliza Mtume (S.A.W.), Kiyama ni lini? Mtume hakumtajia mwaka wala mwezi. Alimuuliza yeye, umekiandalia nini? Na katika hadithi aliyoipokea Imam Ahmad tumefundishwa kwamba hata Kiyama kikisimama na wewe una mche mkononi, ukiweza kuupanda, upande. Mche huo hutakula matunda yake, wala hakuna atakayekaa kivulini mwake. Lakini kazi yako ni kuupanda.

Basi hiyo ndiyo tofauti ya anayeiamini Siku ya Mwisho na anayeichezea. Anayeiamini anaswali swala yake, analipa deni lake, anamtazama mama yake, anamaliza mtihani wake, anapanda mche wake. Usiku huu kabla ya kulala jiulize swali lile la Mtume: umekiandalia nini? Kama una deni la mtu, au umemnunia jirani, Mwislamu au Mkristo, hujachelewa. Ramadhan bado iko nasi.

Ewe Mola wetu, tuongoze sisi na majirani zetu kwenye haki. Walinde watoto wetu na kila anayewapoteza kwa jina Lako. Zipokee saumu zetu na swala zetu, na ufufue nyoyo zetu kabla hujafufua miili yetu. Amin.

Wallahu a'alam. Wa aakhiru da'awana anil hamdulillahi Rabbil aalamin. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.